Kuku Akiacha Kutaga, Mshike Kabla ya Kumpa Dawa

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mifugo wa wadi katika baraza ya wakulima wa chai wanaofuga kuku wa kienyeji, eneo la mpaka wa Bureti na Konoin. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakulima ambao hawakuweza kufika.

 

Nashukuru mmekuja, na naona wengine mmetoka moja kwa moja kituo cha kununulia majani, vikapu viko hapo nje. Sitawaweka sana.

Kabla hatujaketi, mama mmoja amenivuta kando. Ameniambia, "Daktari, kuku wangu ameacha kutaga, hii ni wiki ya pili. Nimempa dawa ya minyoo, nikampa na ya mafua, bado. Nipe dawa iliyo kali zaidi." Nikamwuliza, "Mama, umemshika huyo kuku ukamkagua?" Akasema, "Kumshika kwa nini, si namwona akitembea?" Nashukuru kwamba amekuja naye, yuko kwenye kikapu hapa mbele.

Leo nitazungumza juu ya huyo kuku. Sitazungumzia wale wa kufugwa kwa mamia, nitazungumzia wale watano au kumi wanaozunguka bomani. Pesa ya chai huingia mwisho wa mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka, na mara nyingi hukuta karo na deni la mbolea vimekaa mlangoni vikiingoja. Pesa ya katikati ya mwezi hutoka kwa yai: chumvi, kalamu ya mtoto, nauli ya kwenda zahanati. Tena yai ni chakula cha mtoto kabla halijawa pesa. Kwa hivyo kuku akinyamaza, nyumba inajua.

Neno langu la leo ni moja. Kuku aliyeacha kutaga ana sababu, na sababu nyingi haziponywi na dawa. Ukimkimbizia dawa kabla hujajua sababu, unapoteza pesa, unapoteza siku, na wakati mwingine unampoteza kuku mwenyewe.

Je, ni kweli hatagi?

Hebu tumtoe kuku wa mama. Tunamshika hivi, mabawa yakiwa yamebanwa, kichwa kikiangalia kwangu. Chini ya mkia, pande mbili za tundu la kutagia, kuna ncha za mifupa miwili ya nyonga. Weka vidole vyako katikati ya hiyo mifupa. Kuku asiyetaga, kidole kimoja kinaingia kwa shida. Kuku anayetaga, vidole viwili au vitatu vinaenea. Tena tazama tundu lenyewe. La anayetaga ni pana na lina unyevu. La asiyetaga ni dogo, limekauka na limejikunja. Halafu tazama ile nyama ya kichwani. Kwa anayetaga huwa nyekundu na laini, kwa asiyetaga hufifia na kusinyaa.

Mama, njoo uweke vidole vyako mwenyewe. Ni vingapi? Vitatu. Mmesikia. Huyu kuku hajaacha kutaga. Anataga mahali ambapo wewe hupajui.

Msicheke, ni jambo la kila siku katika eneo hili. Michai yetu imeshikana juu kama paa, na chini yake ni pakavu, pana giza na pamejaa majani makavu. Ungekuwa kuku ungetaga wapi? Kama kiota cha nyumbani kina wadudu, au kina unyevu, au watoto wanakipekua kila saa, ataenda kwenye chai.

Dawa yake ni hii. Tengeneza kiota kizuri, sanduku la futi moja kila upande, lenye nyasi kavu, mahali penye kivuli. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Kisha kwa siku tatu au nne usiwafungulie kuku hadi saa nne au saa tano asubuhi, maana wengi hutaga asubuhi. Wape chakula na maji humo ndani. Atakayetaga ndani atazoea hapo. Atakayefunguliwa akikimbia bila hata kutazama chakula, mfuate polepole, atakuonyesha kiota chake.

Mayai utakayoyakuta huko yatie kwenye maji. Linalolala chini ni jipya. Linaloelea ni la zamani, litupe. Na unapookota mayai kila siku, acha moja kwenye kiota, uliwekee alama ya mkaa ulijue. Kuku wa kienyeji akikuta kiota kitupu kila mara hukihama.

Huenda anapumzika

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha hutaka kuatamia. Atakaa siku 21 hadi vifaranga watoke, halafu atawalea miezi miwili au mitatu. Muda huo wote hatagi. Huo si ugonjwa, ni kazi nyingine anayofanya. Ndiyo maana kuku wetu wa asili hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, na wale wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, ambao hawapendi kuatamia, huweza kutaga mara tatu ya hayo.

Kama hutaki aatamie, mweke siku tatu au nne kwenye kizimba chenye sakafu ya waya au fito, penye mwanga na hewa, asiwe na nyasi za kulalia, ila apate chakula na maji. Joto la kuatamia litaisha, na baada ya wiki moja au mbili ataanza tena. Tafadhali acheni ile tabia ya kumtumbukiza kuku kwenye maji baridi. Kwa baridi yetu hii, na mvua ya kila alasiri, unamtafutia kifo.

Kipindi kingine cha mapumziko ni wakati manyoya yanapopukutika na kuota mengine. Hilo huchukua miezi miwili au mitatu. Manyoya yametengenezwa kwa protini, na yai nalo lina protini, kwa hivyo kuku hawezi kujenga vyote viwili. Mwongezee omena, mvumilie. Na mwisho kuna umri. Temba huanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita, na kuku aliyepita mwaka wa tatu mayai yake hupungua. Huyo naye hakuna dawa itakayomrudishia ujana.

Njaa, kiu na giza

Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu hapa ndipo makosa yetu wakulima wa chai yalipo.

Saa kumi na mbili asubuhi umetoka kwenda kuchuma. Umewaacha kuku wamefungwa kwa kuogopa mwewe na mbwa. Unarudi saa saba, umechoka, ndipo unawafungulia. Kuku wamekaa gizani nusu siku bila maji. Halafu unauliza kwa nini hawatagi, au kwa nini wanakula mayai.

Vitabu vya Ulaya husema kuku huacha kutaga msimu wa baridi kwa sababu siku huwa fupi, wafungiwe taa. Kwao ni kweli. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta, mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, na hizo zinamtosha kuku wa kienyeji. Kabla hujanunua taa, fungua mlango. Jenga ua mdogo wa waya mbele ya kibanda, uufunike juu kwa wavu, ili watoke wenyewe alfajiri bila kuliwa na mwewe.

Maji ndiyo ya kwanza. Zaidi ya nusu ya yai ni maji. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na siku moja tu bila maji inaweza kumfanya aache kutaga kwa siku nyingi. Usiseme anakunywa kwenye madimbwi. Hapo anakunywa minyoo.

Chakula ni cha pili. Anahitaji kama gramu 120 hadi 140 kwa siku, baadhi akiyaokota mwenyewe. Mahindi peke yake humpa mafuta, hayampi yai. Mchanganyie na omena iliyosagwa au mashudu ya alizeti, na sukuma wiki au majani mengine mabichi ya kudonoa. Soya ni nzuri, lakini ikaangwe kwanza, na maharagwe mabichi yana sumu, usiwape. Julai na Agosti, baridi inapokaza, ongeza kidogo, kwa kuwa kuku hutumia chakula kujipasha moto kwanza, na yai linapata kilichobaki.

La tatu ni chokaa. Yai huchukua kama saa 25 kutengenezeka ndani ya kuku, na karibu 20 kati ya hizo ni za kujenga ganda. Ganda moja linahitaji takriban gramu mbili za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula, huitoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo unaona ganda jembamba, kisha yai lisilo na ganda, kisha kuku anayechechemea. Nunua chokaa ya mifugo au makombe ya bahari yaliyosagwa kutoka agroveti, uweke kwenye chombo chake, kila kuku atakula kiasi chake. Si chokaa ya kupaka ukuta, hiyo itamchoma. Magamba ya mayai pia yanafaa, lakini yakaange na uyasage yawe unga. Ukimtupia likiwa na umbo la yai, unamfundisha kula mayai.

Tena kuna mahindi yaliyoota ukungu. Najua tunavyosema, "Haya hayafai kwa ugali, wape kuku." Ukungu una sumukuvu. Huharibu ini la kuku, mayai hupungua, na sumu yenyewe inaweza kuingia kwenye yai utakalompa mtoto. Mahindi yasiyokufaa wewe hayamfai kuku. Na siku unayotia mbolea kwenye chai, wafungie kuku. Zile punje wao huzidonoa wakidhani ni chakula, na zinaweza kuwaua.

Wadudu wa usiku

Kuna kupe wadogo wekundu, utitiri, ambao mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na usiku hutoka kunyonya damu. Mchana hutawaona. Nenda na tochi saa tatu usiku, tazama chini ya fito wanazolalia. Kuku anayenyonywa kila usiku hupauka kichwani na kuacha kutaga. Toa nyasi zote za zamani uzichome, safisha nyufa, kisha upulize dawa ya wadudu iliyoandikwa kwamba ni ya banda la kuku, si ile ya kunyunyizia mahindi. Mahali pakavu weka majivu yaliyochanganywa na udongo waoge humo. Viroboto walioganda kuzunguka macho, wapake mafuta mazito ya kujipaka, watakosa hewa waanguke. Dawa ya minyoo ipeni kila baada ya miezi mitatu, kwa kipimo kilichoandikwa.

Yai lililokwama

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana hili halingoji kesho.

Kuku anayetaka kutaga na hawezi utamjua. Amesimama wima, mkia umeshuka, anatembea kama mtu aliyebeba mzigo katikati ya miguu. Anaingia kiotani na kutoka. Anajikamua, anahema mdomo wazi, hali chakula. Ukimgusa taratibu chini ya tumbo, karibu na tundu, huenda ukahisi kitu kigumu. Hilo ni yai limekwama. Asiposaidiwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Nitawaambia jambo langu mwenyewe. Miaka ya kwanza ya kazi hii, kuku wa mama yangu mzazi alikwama hivyo. Nilikuwa na haraka, nikambonyeza tumbo nikidhani nitalisukuma yai litoke. Likavunjika ndani. Magamba yakamchana, akaoza, siku ya tatu akafa. Mama hakunilaumu, lakini mimi sijasahau. Usibonyeze. Usivute. Usilivunje yai ndani ya kuku.

Fanya hivi. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, uyapime kwa kiwiko kama unavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga. Mketishe kuku humo, maji yafike tumboni, kwa dakika 20 hadi 30, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo yasipoe. Joto hulegeza misuli. Kisha mkaushe kabisa kwa kitambaa, karibu na jiko, maana kuku aliyelowa kwa baridi ya hapa hatapona. Paka mafuta ya kupikia au mafuta mazito kwenye tundu na ndani yake kidogo, kwa kidole safi. Mpe maji ya kunywa yenye kalsiamu ya agroveti kwa kipimo chake. Halafu mweke kwenye sanduku lenye nyasi, penye joto, giza na utulivu, mbali na wenzake, ukimwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa nguo. Mwache. Wengi hutaga ndani ya saa chache. Unaweza kurudia maji mara moja. Yai lisipotoka siku hiyohiyo, mwite afisa wa afya ya mifugo.

Wakati mwingine yai hutoka lakini nyama nyekundu hubaki nje. Mtenge mara moja, kwa kuwa wenzake wakiona wekundu watamdonoa hadi afe. Osha hiyo nyama kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka mafuta, irudishe polepole kwa kidole, mweke gizani apumzike. Ikitoka tena, tuite.

Na ukikuta tumbo limejaa kama mfuko wa maji, kuku amedhoofika na hatagi, huenda viini vimemwagikia ndani na kuoza. Huyo ni nadra kupona. Ni heri aondolewe mateso, na nyama yake isiliwe.

Yai hukwama kwa sababu gani? Mara nyingi ni zile zile tulizozitaja: kukosa chokaa, mafuta mengi ya mahindi matupu, baridi, au temba aliyeanza kutaga kabla hajakomaa. Ukirekebisha chakula, umezuia mengi.

Wakinyamaza wote pamoja

Kuku mmoja akiacha kutaga, mkague huyo mmoja. Wote wakiacha kwa siku mbili tatu, fikiria ugonjwa. Ganda lenye mikunjo na ute wa maji, pamoja na kukohoa, ni dalili ya bronkaitisi ya kuku. Kinyesi cha kijani, kuhema, shingo kupinda, na vifo vya ghafla ni dalili za Newcastle, ugonjwa uliopewa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa katika miaka ya 1920. Hauna tiba. Una chanjo, tone moja jichoni, kwa kuku mzima, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi kuliko wa boma moja, na ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hivyo changeni kama kikundi mchanje siku moja, kijiji kizima.

Kuku wakifa hivyo, usiwakimbize wazima sokoni, unaupeleka ugonjwa kwa jirani. Wachome au uwazike waliokufa shimo refu, usiwatupie mbwa, na utuarifu siku hiyohiyo.

Dawa na sahani ya mtoto

Namalizia na mama yetu. Amempa kuku dawa ya minyoo, kisha ya mafua. Sasa tumejua kuku alikuwa akitaga wakati wote. Dawa nyingi hupita kwenye yai. Kwenye karatasi ya dawa imeandikwa siku ngapi mayai yasiliwe wala kuuzwa, na dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku anayetaga. Kwa hivyo, mama, ukiyapata yale mayai kwenye chai, usiwapikie watoto, hata kama yanazama majini. Yazike, na uhesabu siku kama ilivyoandikwa. Najua inauma.

Na zile tembe za watu, za rangi mbili, tunazofungua na kumwaga kwenye maji ya kuku, tuziache. Vijidudu huzizoea, na siku mtoto akiugua zitakosa nguvu. Muulize mwenye agroveti dawa hii ni ya nini, na mayai yakae siku ngapi. Akishindwa kukujibu, usinunue.

Kwa hivyo ukifika nyumbani leo jioni, mshike kuku wako. Weka vidole. Tazama tundu, tazama kichwa, tazama maji yake, usiku rudi na tochi. Ukishindwa, njoo ofisi ya mifugo ya wadi, na uje na kuku mwenyewe kwenye kikapu, kama alivyofanya mama huyu.